Omu Nane

Karakana ya Haron Ochoki ilikuwa pale Mosocho, hatua chache kutoka mahali wanaposhushia ndizi, na Alhamisi hiyo saa tatu asubuhi mlango wake ulikuwa nusu wazi. Inspekta Phanice Bonareri aliusukuma kwa kiatu. Nyuma yake alisimama Konstebo Anyona, amebeba mtaimbo uliofungwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye kibandiko cha polisi.

"Bwakire, madam," Ochoki alimsalimu kwa Ekegusii kutoka ndani.

"Nimerudi," Phanice alisema. "Leo sina maswali mengi. Nataka unionyeshe kazi tu."

Jumanne saa saba na nusu mchana, watu wawili waliovaa kofia ngumu na jaketi za kung'aa walipanda nguzo iliyo bondeni chini ya soko. Walikata stima, wakashusha transfoma na kuipasua ili watoe nyaya za shaba. Waliopita njia walidhani ni mafundi. Ni Mzee Nyamongo peke yake, ambaye nguzo ile imesimama mpakani mwa chai yake, aliyekwenda kuwauliza mbona hawana gari. Walimpiga mtaimbo kichwani, wakamwacha amelala kati ya mistari ya chai. Sasa alikuwa hospitalini Kisii, siku ya tatu, hajafungua macho.

Mtaimbo waliuacha. Haukuwa wa kununua dukani. Mshikio wake ulikuwa umechomelewa kwa mkono, mshono safi, laini, kama magamba ya samaki yaliyopangwa, na kila fundi aliyeulizwa Kisii nzima alijibu kwamba hiyo ni kazi ya kwa Ochoki. Mwenyewe hakukana. "Ni yetu," alisema Jumatano, akiupapasa mshono kwa kidole gumba. Aliuza kwa nani? Hakumbuki uso. Alikuwa wapi Jumanne mchana? Hapa hapa, akichomelea geti la kanisa. Stima si ilikuwa imepotea? Alitumia genereta. Aliyasema hayo mlangoni, watu wakisikia.

Na shahidi akapatikana. Makori, mwenye duka la simu na betri ng'ambo ya barabara, alijitokeza mwenyewe kuandika taarifa. Hakutoka dukani mchana kutwa, alisema, na alimwona Ochoki kwa macho yake akichomelea tangu saa saba na nusu hadi saa kumi. Mwanga ulimuumiza hata akageuza kiti.

Lakini genereta ile Phanice alikuwa ameiona. Ilikuwa ndogo, ya kubebwa na mtu mmoja. Usiku mzima haikumtoka akilini.

"Washa mashine ya kuchomelea," alimwambia Ochoki. "Kwa stima ya kawaida kwanza."

Stima ilikuwa imerudi jana jioni, baada ya soko kuunganishwa na laini nyingine. Maandishi ya kibati cha mashine, yanayotaja umeme inaotumia, yalikuwa yamefutika zamani, ndiyo maana Phanice alikuwa ameazima mita kwa fundi mmoja wa mjini, ile yenye taya inayouma waya kwa nje na kusoma mkondo bila kuukata. Alipoinama kuifunga kwenye waya, watu walikwisha kujaa mlangoni. Wauza ndizi walikuja na visu vyao mkononi. Makori alivuka barabara, akasimama mbele.

Nyanchera, mkewe Ochoki, alitoka nyuma ya karakana, leso kiunoni.

"Wacha nimshikie chuma," alisema.

"Hapana, mama. Afanye peke yake, kama Jumanne."

Ochoki alivaa barakoa ya kuchomelea. Vyuma viwili vilikuwa mezani, vimegusana ncha. Alisimama juu yavyo muda mrefu kuliko kawaida, akashusha mkono. Cheche ziliruka, lakini kijiti cha kuchomelea kilikuwa kimegusa meza. Akajaribu tena. Mara hii chuma kilichoyeyuka kilishuka kando ya kiungo, upana wa kidole kizima, kikaendelea hivyo hivyo, kimepinda, hadi kikaishia hewani.

Mtu mmoja alicheka. Kisha wakacheka wengi.

"Ochoki leo anachomelea upepo!"

"Ni mwoga huyo! Ameona polisi!"

Phanice hakuutazama mshono. Macho yake yalikuwa kwenye mita. Ampea ishirini na tisa. Volti mia mbili thelathini na mbili. Aliandika. Kuhusu mikono ya Ochoki aliandika neno moja: *inatetemeka*.

"Sasa genereta."

Iliwaka mara ya kwanza, ikanguruma vizuri tu. Lakini kijiti kilipogusa chuma, injini ilivuta pumzi kama mtu aliyebebeshwa gunia ghafla, ikakohoa, ikazima. Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu haikutoa hata cheche.

Phanice angeweza kuishia hapo. Angeweza kumwita Ochoki pembeni, wakaongea wawili. Badala yake aligeukia mlango.

"Sikilizeni," alisema, na sauti yake ilipanda zaidi ya ilivyohitajika. "Volti ukigawanya kwa ampea unapata ukinzani. Mia mbili thelathini na mbili kwa ishirini na tisa ni omu nane. Huo ni ukinzani mdogo, ndiyo maana mashine hii inavuta mkondo kama mafuriko. Tena volti ukizidisha kwa ampea unapata nguvu. Hapa ni wati elfu sita mia saba ishirini na nane. Konstebo, soma kibati cha genereta."

"Volti mia mbili arobaini," Anyona alisoma. "Ampea tisa."

"Wati elfu mbili mia moja sitini. Haifiki hata theluthi. Jumanne stima ikiwa imepotea, hakuna mtu aliyechomelea kitu hapa. Bwana huyu ametudanganya."

Watu walipiga makofi. Mama mmoja alisema polisi wa siku hizi wamesoma. Makori akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kumbe alitudanganya sisi sote," alisema kwa sauti.

Anyona alitoa pingu. Nyanchera akajipenyeza kati ya watu hadi mbele ya Phanice.

"Madam, nina neno."

"Utalisema kortini, mama."

"Ni neno dogo."

Ochoki aligeuza kichwa upande ilikotoka sauti ya mkewe, akamwambia kwa Ekegusii anyamaze. Wakamtoa. Pale nje kuna mtaro, na kila mtu wa Mosocho anajua kuuruka. Ochoki aliukanyaga katikati, akaenda chini kwa goti, mikono imefungwa. Kicheko kikazuka tena. Phanice alimshika kola akamwinua.

* * *

Kituoni Kisii, kwa saa nzima, Ochoki hakujibu swali. Alikaa ameinamisha kichwa, suruali imelowa maji ya mtaro gotini.

"Nyamongo akifa, hii itakuwa kesi ya mauaji," Phanice alimwambia. "Unaelewa?"

"Naelewa."

"Basi ulikuwa wapi?"

Ochoki alikung'uta matope gotini.

"Umejenga uongo wa genereta ili ufiche nini?"

Ochoki alisugua vidole vyake kwenye meza, taratibu, kama anayetafuta ukingo wake. "Huyo mwingine atoke," alisema.

Anyona alitoka.

"Nilikuwa Nyamira."

"Kufanya nini?"

Alitia mkono ndani ya shati, akatoa kadi ya hospitali iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Aliisukuma mbele, ikapita upande wa kiti cha Phanice, ikaanguka sakafuni. Phanice aliiokota. Kliniki ya macho. Tarehe zilijaa pande zote mbili.

"Mwaka wa pili huu," Ochoki alisema. "Nikikuangalia usoni, madam, naona masikio yako. Hapo katikati hamna kitu. Ni moshi."

"Kisii kuna madaktari wa macho."

"Kisii kila mtu ananijua. Nani atampa kazi fundi asiyeona?"

Phanice aliigeuza kadi, akaigeuza tena. Lakini alikuwa hajaacha kazi yake.

"Mtaimbo uliuza kwa nani?"

"Nilikuambia sikumbuki uso. Sikuwa na uso wa kukumbuka."

"Hata sauti?"

"Sikuwepo."

"Kama hukuwepo, na kama huoni kiungo cha vyuma viwili, basi ule mshono ni wa nani?"

Ochoki aligeuza sikio mlangoni. Nje, mtu alikuwa akigombana na askari wa kaunta kuhusu pikipiki. Alisubiri ugomvi ule uishe.

"Andika ni wangu," alisema mwishowe. "Tafadhali, madam. Andika tu ni wangu."

* * *

Muuguzi wa kliniki kule Nyamira aliitwa Sista Persis, na hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Ochoki Haron. Jumanne. Aliingia saa saba na dakika kumi. Tulimtia dawa ya kupanua mboni, na ukitiwa hiyo huwezi kutoka mara moja. Alikaa benchi lile mpaka saa kumi na robo."

Saa saba na dakika kumi. Dakika ishirini kabla ya watu wale kupanda nguzo.

"Kuna uhakika atapona?" Phanice aliuliza.

"Hapana. Tunajaribu kuchelewesha upofu tu." Sista Persis alifunga kitabu. "Kila akija huniomba jambo moja, nisimpigie simu hata akikosa siku. Anaogopa mtu asije akaipokea simu yake pale kazini akajua. Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu," Phanice alisema.

Alitoka nje haraka. Anyona alikuwa akimngojea garini, milango wazi kwa ajili ya jua.

"Ni kweli alikuwa hapa?"

"Ni kweli."

"Kwa hivyo ile hesabu yetu ilikosea, madam?"

Alisema *yetu* kwa upole, na upole huo ulimchoma Phanice kuliko angesema *yako*. Alikaa kitini, miguu nje, akafungua daftari. Namba zilikuwa pale pale. Aliziangalia kwa muda.

"Hesabu haikukosea," alisema. "Ilisema kitu kimoja tu, kwamba Jumanne baada ya stima kupotea hakuna aliyechomelea. Haikusema Ochoki alimpiga mzee. Hilo niliongeza mimi, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza."

Anyona alitazama mbele.

"Na ningeisoma vizuri ningeona kitu kingine. Ni nani mwingine aliyetuambia kwamba mtu alichomelea?"

Anyona alifungua faili gotini. Ukurasa wa tatu, sahihi ya mbwembwe chini. "Makori. 'Mwanga uliniumiza hata nikageuza kiti.'"

"Mwanga gani?"

Konstebo aliinua kichwa.

"Ochoki alidanganya kwa sababu zake," Phanice aliendelea. "Makori yeye aliona nini? Mashine ya omu nane haiwezi kuwaka kwa ile genereta hata dakika moja, na yeye ameona mwanga kwa muda wa saa mbili na nusu. Angekuwa dukani kweli, angetuambia hakuona mwanga wowote. Alimsikia Ochoki akitoa habari ya genereta, akajishikiza hapo. Ukisema ulimwona mtu mahali fulani, na wewe unakuwa ulikuwapo."

"Na leo asubuhi akasema Ochoki alitudanganya sote."

"Nilimsikia. Mtu atadanganywaje kuhusu kitu alichokiona kwa macho yake? Nilimsikia kabisa, na nikaendelea kupigiwa makofi."

Anyona alifunua ukurasa mwingine wa faili. "Lakini majirani wanasema genereta ilinguruma, madam. Hao ni watu watano."

Phanice alipekua nyuma. Jumatano alikuwa ameandika vifaa vyote vya karakana, pamoja na vibati vilivyosomeka. Grainda, ile ya kusugulia chuma: volti mia mbili arobaini, ampea tatu. Aligawanya pembeni mwa karatasi. Omu themanini, mara kumi ya ile mashine. Alizidisha. Wati mia saba ishirini. Genereta ile ingeibeba siku nzima bila kukohoa.

"Mtu alikuwa akisugua chuma ndani, mlango umefungwa ili asionekane," alisema. "Na mtu huyo asubuhi aliniambia ana neno."

* * *

Nyanchera alikuwa karakanani peke yake. Alikuwa amepanga vijiti vya kuchomelea kwa ukubwa, kazi ambayo haikuhitaji kufanywa.

"Jumanne ni nani alikuwa na grainda?" Phanice aliuliza.

"Mimi."

"Na geti la kanisa?"

"Mimi. Nililimaliza asubuhi kabla stima haijapotea. Mchana nilikuwa nasugua mishono."

Phanice alimwonyesha mtaimbo. "Na huu?"

"Ni mimi. Wiki iliyopita. Yeye alikuwa ameenda Nyamira."

"Nani aliuagiza?"

"Makori. Alileta chuma mwenyewe, akanipa na urefu anaoutaka. Akaniambia mwambie mzee wako afanye haraka, nikamwambia nitamwambia." Alipangusa mikono kwenye leso. "Jana ulipokuja sikujua ni mtaimbo gani, hukunionyesha. Leo asubuhi nikauona kwenye mfuko wa plastiki. Nikakuambia nina neno."

"Uliniambia."

"Nikakuambia ni dogo."

Phanice alitoka nje, akamwita Anyona.

Duka la Makori lilikuwa limefungwa, lakini Anyona alizunguka nyuma akamkuta akihangaika kufunga gunia kwenye pikipiki. Ndani ya gunia, chini ya mahindi, mlikuwa na nyaya za shaba zilizoviringwa. Kwenye stoo wakapata jaketi mbili za kung'aa na kofia ngumu moja. Kabla gari halijafika Kisii, Makori alikuwa amekwisha kumtaja mwenzake. Hospitalini nako walipiga simu kwamba Mzee Nyamongo ameanza kusogeza vidole. Mkubwa wa kituo alimpa Phanice mkono, akamwambia ni kesi iliyomalizwa kwa siku mbili, tena kwa hesabu.

"Ndiyo, bwana," Phanice alisema, akaenda kumtoa Ochoki seli.

Kaunta ilikuwa na watu. Askari alimrudishia Ochoki mshipi, simu na kofia, akamgeuzia kitabu. "Weka sahihi hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo kwenye mstari, mzee. Huoni?"

Foleni nzima ilitazama. Phanice alisogea, akakishika kidole cha Ochoki, akakiweka karatasini. Kidole kilikuwa kigumu, kimejaa makovu ya cheche. Hakikukataa wala hakikumsaidia.

"Pole," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikosea sana."

"Hayo unaniambia mimi," Ochoki alijibu, bado anaandika. "Mimi nilikuwa najua tangu asubuhi kwamba umekosea."

Walifika Mosocho saa kumi na moja. Ochoki alikataa kushukia mlangoni. Alitaka washuke pale kwenye ndizi na kutembea, na Phanice akatembea naye, amemshika kiwiko, mbele ya watu wale wale. Mtaroni Phanice alisimama, akamwambia "hatua kubwa," naye akaruka. Watu waliona jinsi alivyoruka, na safari hii hakuna aliyecheka. Ingekuwa rahisi zaidi kwa Phanice kama wangecheka.

Alisimama mlangoni mwa karakana, akawageukia.

"Asubuhi nilisema mtu huyu ni mwongo, mkanipigia makofi," alisema. Sauti yake haikupanda. "Hakufika karibu na ile nguzo. Aliyefanya tumemshika. Mimi ndiye niliyekosea, na nilikosea hapa hapa, ndiyo maana nalisema hapa."

Mama aliyekuwa amesema polisi wa siku hizi wamesoma alianza kupanga ndizi zilizokuwa zimepangwa. Mzee wa kanisa, Ombati, aliyekuja kuulizia geti, alikohoa.

"Tumefurahi umerudi, Ochoki," alisema. "Lakini mtu aliyekuwa kule kaunta amenipigia simu, nimeambiwa habari ya macho. Sasa, hili geti letu, ni nani alilichomelea?"

Phanice alitaka kujibu badala yake, akajizuia. Ochoki alishika mwimo wa mlango.

"Ni mke wangu," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na ilionekana. Uso ulimshuka kama mtu aliyekiri wizi. Ombati alilitazama geti, akamtazama Nyanchera, akapitisha kiganja juu ya mshono mmoja, kisha wa pili.

"Itabidi niwaulize wenzangu," alisema. Akaondoka bila geti.

Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Phanice alibaki amesimama mlangoni, hajui aondoke au akae. Nyanchera alichukua barakoa kutoka ukutani, ambako ilitundikwa kwa kimo cha mumewe, akakaza mkanda wake ukutane na kichwa chake. Alivuta vyuma viwili mezani. Hakufunga mlango.

"Mama Nyanchera," Phanice alianza.

"Nimesikia pole yako, madam. Nimeisikia vizuri." Hakuinua macho. "Sasa sogea kidogo hapo. Unanizibia mwanga."

Phanice alisogea.